Mtoto wa darasa la pili bado asukumwe? Kuhusu kigari cha watoto Disney World

Swali: Habari za kazi. Likizo ya Juni tunakwenda Marekani kwa kaka yangu anayeishi Kissimmee, Florida. Tumepanga siku tatu Disney World, kwenye bustani zake za burudani za Magic Kingdom, Animal Kingdom na EPCOT, na tutakuwa tunakwenda kwa gari la kaka. Binti yangu ana miaka mitano, yuko darasa la awali, kilo 17. Kaka yake ana miaka saba, darasa la pili, kilo 24. Wifi yangu anasisitiza tukodi kigari cha kusukuma cha watoto wawili. Mama mkwe amecheka mpaka machozi. Anasema wanawe walikwenda shule na kurudi kwa miguu, iweje mjukuu wa darasa la pili asukumwe kama kichanga? Mimi niko katikati. Nani ana haki? – Mama wa wawili, Dar es Salaam

Jibu: Dada, kila mmoja ana haki kwa mtoto wake. Wifi yuko sahihi kuhusu binti, mama mkwe yuko sahihi kuhusu kijana. Binti mchukulieni kigari siku zote tatu. Kijana atembee. Hicho cha watu wawili kiacheni, na nitakueleza kwa nini.

Nianze na hoja ya mama mkwe, maana ndiyo nzito. Ni kweli watoto wetu wanatembea. Lakini mtoto anayekwenda shule kwa miguu hutembea nusu saa asubuhi kabla jua halijapanda, anakaa darasani, anacheza, anakaa tena, kisha anarudi. Miguu inapata nafasi ya kupoa. Kwenye bustani ya burudani mtoto hapati pa kukaa kwa namna hiyo. Mtu mzima anayeingia Magic Kingdom asubuhi na kutoka usiku huangalia simu yake akakuta ametembea kilomita 10, hata 15, na muda asiotembea amesimama kwenye foleni. Binti yako ana miguu mifupi, kwa hiyo kila mnapopiga hatua mbili yeye anapiga tatu. Watoto wa umri huo wanapenda kukimbia kidogo, kusimama, kuchuchumaa, kukimbia tena. Mwendo mmoja mrefu juu ya zege, mkono ukiwa umeshikwa na mama, unawachosha kuliko kucheza mpira uwanjani mchana kutwa.

Kisha kuna joto. Mnatoka Dar, kwa hiyo mnajua unyevu ni nini, na sitawatisha na jua la Florida kama ninavyowatisha wanaotoka Nairobi au Arusha. Juni pale Orlando ni nyuzi 32 au 33 mchana, hewa nzito, na alasiri nyingi radi na mvua kubwa ya saa moja hivi. Tofauti na nyumbani ni kwamba Dar saa nane mchana mtu mwenye akili yuko kivulini. Pale saa nane mchana ndipo mnavuka uwanja mweupe usio na mti kuelekea foleni nyingine. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima na hutoa jasho kidogo zaidi, kwa hiyo kivuli cha kigari kina kazi sawa na magurudumu yake. Msikifunike kwa kanga nzito pande zote, kwa sababu hewa ikikosa pa kupita humo ndani huwa tanuri. Kanga itandazwe juu tu, mbele pabaki wazi.

Lakini jambo linaloniamulia mimi, kwa familia inayotoka Afrika Mashariki, ni saa. Mwezi Juni Orlando iko nyuma ya Dar kwa saa saba. Saa kumi na mbili jioni, mnapotafuta chakula cha jioni, mwili wa binti yako unasema ni saa saba usiku. Fataki za Magic Kingdom zikirushwa saa tatu usiku, kwake ni saa kumi alfajiri. Hapo hata bingwa wa mbio za shule analala akiwa amesimama. Nani atambeba kilo 17 kutoka kwenye ngome iliyo katikati ya bustani hadi kwenye gari? Mwili huzoea polepole, takriban saa moja kwa siku, kwa hiyo kama ratiba inaruhusu kaeni kwa kaka siku tatu nne kabla ya kununua tiketi ya siku ya kwanza. Zuri lake ni kwamba watoto wataamka gizani wakiwa macho makavu. Tumieni hilo. Mkiwa getini kabla halijafunguliwa, saa mbili za kwanza mtacheza michezo mingi kuliko mtakavyocheza mchana kutwa.

Sasa njia ya kutoka, ambayo watu huisahau wanapopiga hesabu. Magic Kingdom hamwegeshi gari mlangoni. Maegesho yako ng'ambo ya ziwa. Kutoka kwenye gari mnakwenda kituo cha usafiri, mnapita ukaguzi wa mabegi, kisha mnapanda feri au treni ya juu, ile monorail, ndipo mnafika getini. Usiku ni njia hiyo hiyo kinyumenyume, pamoja na umati wote ambao fataki zimeuachia kwa mara moja. Safari hiyo ya kurudi ndiyo inayowaliza watoto, na wakati mwingine wazazi.

Ndiyo maana kukodi kigari cha Disney chenyewe kwa siku ya Magic Kingdom si chaguo langu kwenu. Vigari vyao vinakodishwa baada ya kupita geti na haviruhusiwi kutoka nje ya bustani. Maana yake mnakirudisha pale pale mnapokihitaji kuliko wakati wowote, halafu binti amelala begani, mnasubiri feri, na maegesho bado. Ni vya plastiki ngumu, havikunjiki, mgongo haulali. Kwa miaka kadhaa bei imekuwa dola 15 kwa siku kwa kigari cha mtoto mmoja na dola 31 kwa cha wawili, hakikisheni kabla ya kwenda kwa sababu bei za pale hazikai. Cha mtoto mmoja kinabeba mwisho kilo 22.7. Kijana wako wa kilo 24 keshatoka kwenye hesabu ya hicho cha mmoja.

Azimeni. Kaka anaishi Kissimmee, na kati ya majirani, waumini wenzake na Watanzania wa Orlando hatakosa mtu mwenye kigari kinachokula vumbi gereji, kwa sababu kila familia yenye watoto pale ilishapita Disney. Kama hakuna, nunueni kile chepesi kinachokunjwa kama mwavuli. Bei yake dukani haipishani sana na kukodi siku mbili. Soma kibandiko cha uzito kabla ya kulipa: vingi vya bei rahisi vinaishia kama kilo 18, na binti akiwa na nguo, viatu na chupa ya maji yuko pale pale ukingoni. Tafuta cha kilo 22 na zaidi, chenye paa linalovutika mbele na mahali pa kuweka miguu ambapo magoti yake hayatagusa kidevu. Akae humo dukani. Usikisie.

Vipimo vinatazamwa getini. Tangu Mei 2019 Disney hawaruhusu kigari kinachozidi sentimita 79 kwa upana au 132 kwa urefu. Toroli za kuvuta, zile za turubai zenye magurudumu manne ambazo wifi huenda anazo kwa ajili ya ufukweni, zimekatazwa kabisa, hata zile zilizoundwa mahsusi kwa watoto. Zinarudishwa kwenye gari, na mnajua sasa gari liko wapi.

Kuhusu kigari cha wawili: watoto wako wana kilo 41 kwa pamoja. Ongeza uzito wa kigari, mabegi, maji, makoti ya mvua. Nani atasukuma mzigo huo kwenye vilima vya Animal Kingdom saa nane mchana? Aliyependekeza mara nyingi siye anayesukuma. Halafu kigari kipana ni adhabu kwenye umati. Utagonga visigino vya watu mpaka uchoke kuomba radhi.

Najua kitakachotokea. Kijana atamwona dada yake ameketi kama malkia, na kufikia saa tano asubuhi naye miguu imeanza kumuuma ghafla. Msilifanye liwe jambo la aibu, wala msimwambie yeye ni mwanaume mkubwa. Mpeni vya kukalia ambavyo ni michezo yenyewe. Magic Kingdom kuna PeopleMover, gari la juu linalozunguka polepole kama dakika kumi, lina upepo na foleni yake huwa fupi. Kuna Carousel of Progress, ukumbi wa baridi wa dakika ishirini hivi ambao watoto huuona wa ajabu na wazee husinzia humo. EPCOT kuna Living with the Land, mashua inayopita taratibu ndani ya mabanda ya kilimo, na kama baba yao anapenda shamba mtamtoa humo kwa nguvu. Animal Kingdom kuna onyesho la Festival of the Lion King, nusu saa ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi. Pangeni kimoja cha namna hiyo kila baada ya michezo miwili ya kusimama foleni, na kijana atamaliza siku kwa miguu yake.

Na hapa niseme wazi kitu ambacho wauza vigari hawakisemi. Kigari hakiingii foleni. Mnakiacha nje, kwenye eneo la kuegesha vigari, kisha nyote mnasimama, yeye pamoja nanyi, dakika ishirini au sabini. Anayetegemea kigari kimwokoe na foleni amekosea dawa. Foleni inatibiwa kwa kufika mapema, kwa kulipia njia ya haraka kama mfuko unaruhusu, na kwa kuacha mchezo ambao saa yake ya kusubiri inazidi uvumilivu wa mtoto wa miaka mitano. Pia kwa kugawana. Binti wa miaka mitano kwa kawaida ana kama sentimita 108. Space Mountain, treni ya kasi ya Magic Kingdom, inataka 112, kwa hiyo hataingia. Kaka yake ataingia. Disney wana utaratibu unaoitwa Rider Switch: mzazi mmoja anaingia na kijana, mwingine anabaki nje na binti, kisha mnabadilishana bila yule wa pili kuanza foleni upya, na kijana mara nyingi anapata kucheza mara mbili. Muulizeni mfanyakazi pale mlangoni. Huo muda wa kubaki nje ndio muda mzuri wa binti kulala kwenye kigari kivulini.

Mkirudi kutoka kwenye mchezo msishtuke kukuta kigari hakipo mlipokiacha. Wafanyakazi huvipanga upya siku nzima, na kati ya vigari mia vyeusi vinavyofanana chako kitakuwa mita ishirini kutoka pale. Fungeni kipande cha kitenge chenye rangi kali kwenye mshikio. Pasipoti, pesa na simu visibaki humo. Acheni pasipoti kwa kaka. Mfuniko wa plastiki au hata mfuko mkubwa wa taka uwepo tayari, kwa sababu mvua ya alasiri haiwasubiri mtoke ndani, na kiti kilicholoa mtoto hakikalii tena. Msining'inize mabegi mazito kwenye mishikio: binti akiruka chini, kigari kinapinduka kinyumenyume, na kama juu yake palikuwa na soda, mtajua wenyewe.

Siku tatu zenu hazifanani. Magic Kingdom ndiyo ndefu zaidi kwa sababu ya usiku, na nimeshaieleza. EPCOT ndiyo pana. Sehemu ya nyuma, World Showcase, ina mabanda ya nchi 11 yaliyozunguka ziwa, na kuzunguka mara moja tu ni karibu kilomita mbili. Michezo ya watoto huko nyuma ni michache, wakubwa wanataka kula na kutazama maduka, kwa hiyo mtoto asiye na kigari atawalazimisha mgeuze kabla ya nusu ya njia. Siku hiyo kama kijana naye amechoka kweli, mwacheni akae kwenye benchi na aiskrimu wakati mmoja wenu anakwenda na mwingine anabaki.

Animal Kingdom ni fupi na kwa kawaida hufungwa mapema kuliko nyingine, lakini njia zake zinapanda na kushuka, na sakafu imefanywa makusudi ionekane kama udongo uliopasuka. Magurudumu madogo ya kile kigari cha bei rahisi yatawatetemesha. Hata hivyo nadhani pale ndipo binti atakapotaka kushuka mwenyewe. Eneo la Afrika limejengwa kama mji wa kubuni uitwao Harambe, kwa sura ya miji ya mwambao wetu, kuta zilizochakaa na vibao vya Kiswahili kila upande. Familia nyingine zinapita mbio kuwahi Kilimanjaro Safaris, ninyi mtakwama. Mtoto wa darasa la pili anayejua kusoma atasoma kila kibao kwa sauti, atacheka makosa, na atawauliza kwa nini kuna Kilimanjaro huku Marekani. Tengeni muda wa hilo. Ile safari yenyewe ni kama dakika ishirini kwenye lori, mmekaa, kwa hiyo ni pumziko pia. Twiga wa kweli, dada, ingawa najua kwenu si habari.

Viatu nitavitaja haraka. Raba zilizokwisha kuzoeleka, na soksi. Raba mpya zilizonunuliwa kwa ajili ya safari hutoa malengelenge kabla ya saa sita. Ndala zibaki kwa mjomba. Maji ya barafu kwenye vikombe mtapewa bure kwenye migahawa ya haraka yenye mashine za soda, ombeni tu. Na namba yako ya simu ya Marekani iandikwe kwa kalamu mkononi mwa watoto wote wawili. Usiku wa fataki, binti aliyefungwa mkanda kwenye kigari ni mtoto mmoja mdogo ambaye hutamtafuta, na kwa mtazamo wangu faida hiyo peke yake inalipa gharama.

Kuna watoto ambao yote niliyosema kuhusu umri hayawahusu, na naandika hapa kwa wazazi wengine watakaosoma jibu lako. Mtoto mwenye seli mundu, hata akiwa na miaka tisa, asitembezwe siku nzima kwenye joto lile. Uchovu, kukaukiwa maji, na mwili kutoka kwenye jua kali kuingia ghafla kwenye baridi ya kiyoyozi au kuloa kwenye michezo ya maji, vyote vinaweza kuamsha maumivu. Zungumzeni na daktari wake kabla ya kukata tiketi, chukueni barua na dawa kwenye begi la mkononi, na mkifika nendeni kwanza ofisi ya huduma kwa wageni, Guest Relations. Pale wanaweza kuweka kitambulisho kwenye kigari ili kihesabiwe kama kiti cha magurudumu, na hapo kinaruhusiwa kuingia foleni badala ya kuachwa nje. Ni vivyo hivyo kwa mtoto mwenye udhaifu wa misuli, au yule ambaye kelele na umati humvuruga na kigari ndicho chumba chake. Mtoto mkubwa asiyeonekana mgonjwa akiwa kwenye kigari, watu wetu ndio husema. Wamarekani pale hawageuzi hata shingo. Wa miaka sita na saba wanasukumwa kila upande.

Wasomaji wa Muscat na Dubai ambao huniuliza swali hili hili kuhusu Abu Dhabi: bustani za burudani za kule, Ferrari World na Warner Bros. World, ziko ndani ya majengo yenye kiyoyozi na umbali wake ni mdogo. Mtoto wa darasa la kwanza anatosha kutembea humo bila kigari.

Uliuliza pia pembeni kama mbebe kigari kutoka Dar. Mkiwa nacho tayari, kinakunjika na kinambeba binti kwa uzito wake wa leo, kibebeni. Mashirika mengi ya ndege hayatozi kwa kigari cha mtoto na mengi yanakuruhusu kukisukuma hadi mlango wa ndege, na kwenye uwanja wa kubadilishia ndege usiku wa manane mtakishukuru. Kama hamna, msinunue Kariakoo kwa ajili ya safari hii, azimeni kule. Na ikitokea mmeshinda mabishano yote, mmekwenda bila kigari, na saa saba mchana binti amekaa chini katikati ya njia na hatikisiki, pa kukodi ni karibu na lango la kuingilia na mnaweza kukodi saa yoyote ya siku mradi havijaisha. Tunzeni risiti, maana mkihamia bustani nyingine siku hiyo hiyo mtapewa kingine bila kulipa tena.